Viva Riva! na Masikio ya Lubumbashi: Filamu ya Uhalifu, Watazamaji na Suala la Lugha

Mwaka 2010, katika tamasha la filamu la Toronto, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza filamu ya Djo Tunda wa Munga iitwayo Viva Riva! Mwaka uliofuata ilitwaa tuzo sita za Africa Movie Academy Awards, zikiwemo za filamu bora na mwongozaji bora. Kisa chake si kigumu kukisimulia. Riva, anayeigizwa na mwanamuziki Patsha Bay, anarejea Kinshasa kutoka Angola akiwa na shehena ya petroli ya wizi, wakati ambapo mji mzima umekaukiwa na mafuta. Anazitapanya fedha katika kumbi za starehe, anampenda Nora, hawara wa jambazi Azor, na huku nyuma anasakwa na César, Mwangola mtanashati asiyejua huruma. Taa za usiku, muziki, nguo za fahari, damu: yote yamepangwa kwa ustadi wa mtu aliyezitazama filamu za uhalifu za Marekani na asizionee haya.

Filamu hii huitwa ya Kongo, na ndivyo ilivyo. Hata hivyo mji wake ni Kinshasa, na lugha zake kuu ni Kilingala na Kifaransa. Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka huko, na lugha ya mitaa yake ni Kiswahili. Kwa hiyo hapana budi kuuliza mtazamaji wa Lubumbashi anasikia nini anapoiona, kwani macho yanaweza kuridhika na jambo ambalo masikio yanalipokea kwa namna nyingine kabisa.

Suala la watazamaji Waafrika na filamu za uhalifu ni la zamani katika Kongo. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ililiona kuwa ni suala la usalama. Mwaka 1945 ilipigwa marufuku kuwaonyesha Waafrika filamu zisizopitishwa na tume ya udhibiti. Hoja ilikuwa kwamba Mwafrika akiona mzungu anaiba, anaua au anapigwa, ataiga aliyoyaona, au heshima ya watawala itashuka machoni pake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 L. Van Bever, ofisa aliyehusika na sinema katika koloni hiyo, aliandika kitabu kizima kuhusu sinema kwa Waafrika, na msingi wake ulikuwa uleule: mtazamaji huyo ahitaji filamu zake peke yake, nyepesi na za mwendo wa polepole. Wamisionari nao walitengeneza vichekesho vyenye mafunzo. Katika kambi za wafanyakazi za Union Minière du Haut-Katanga, maonyesho ya filamu yaliwekwa katika fungu moja na kandanda na bendi, yaani burudani iliyopangwa na mwajiri ili mfanyakazi abaki kambini akiwa ametulia.

Nadharia hiyo ilimsahau mtazamaji mwenyewe. Ushahidi mzuri zaidi unapatikana ng'ambo ya mpaka tu, Luanshya, katika Rhodesia ya Kaskazini ya wakati ule, mji wa shaba uliofanana sana na Elisabethville, jina la Lubumbashi hadi mwaka 1966. Mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker alifanya utafiti huko mwaka 1953 na 1954. Aliwakuta wachimbaji na jamaa zao wakizitazama filamu za kauboi kwa kelele nyingi: wanamshangilia shujaa, wanamwonya adui asiyeweza kuwasikia, na baadaye wanabishana kama waliopigwa risasi wamekufa kweli. Hawakuwa hadhira iliyoduwaa. Mwanahistoria Charles Ambler amelieleza jambo hilo hilo kwa mapana. Huko Léopoldville, vijana wa miaka ya 1950 waliojiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, walikwenda mbali zaidi. Waliichukua filamu wakaifanya mavazi, mwendo, na hata lugha yao ya pekee, Hindubill, iliyochipuka katika Kilingala. Kwao filamu ya Kimarekani ilijibiwa kwa maneno ya mtaa wao wenyewe.

Hapa ndipo Lubumbashi inapotofautiana. Kilingala hakikuingia mjini humo kama lugha ya mtaa. Kilikuwa lugha ya Force Publique, jeshi la koloni. Kisha, chini ya Mobutu, kikawa lugha ya askari na ya amri zilizotoka Kinshasa. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia katika mabweni ya chuo kikuu cha Lubumbashi kuwashambulia wanafunzi. Nywila waliyotambuana nayo ilikuwa ya Kilingala, "lititi", na jibu lake "mboka". Idadi ya waliouawa ingali inabishaniwa, lakini maneno hayo mawili yamebaki katika kumbukumbu ya mji. Yeyote anayejua habari hiyo hawezi kumsikia mwanajeshi wa kike wa Viva Riva!, yule anayeitwa la Commandante, kama anavyosikiwa na mtu wa Kinshasa. Kwa huyu wa Kinshasa ni askari mla rushwa wa kawaida, karibu wa kuchekesha. Kwa mtu wa Lubumbashi yamkini kicheko hicho kinachelewa kidogo.

Hata hivyo, kudai kwamba Lubumbashi inakikataa Kilingala kungekuwa kurahisisha mambo mno. Nyimbo za Kinshasa zimechezwa katika baa za Katanga kwa vizazi kadhaa, na wengi huzifuata bila mkalimani. Tena habari ya petroli haihitaji tafsiri. Mafuta ya Lubumbashi huja kwa malori kutoka kusini, kupitia Zambia na kituo cha Kasumbalesa, na mpaka ukifungwa, bei hupanda. Muuzaji wa chupa za petroli kando ya njia, ambaye Wakongo humwita "kadafi", ni jamaa wa Riva aliyekosa bahati. Na pale César anapoidharau Kongo na kusema huenda ingekuwa heri watu wake wangebaki chini ya wakoloni, tofauti ya Kiswahili na Kilingala inafifia ghafla. Tusi hilo ni la nchi nzima. Bila shaka hapo ndipo filamu inapofanikiwa kuliko mahali pengine popote kumfanya mtu wa Katanga na mtu wa Kinshasa wakae benchi moja.

Lubumbashi ina mazoea yake ya kutazama maovu yakiigizwa. Kundi la Mufwankolo, ambalo Johannes Fabian alilichunguza, lilicheza kwa Kiswahili cha mji, bila maandishi, redioni, jukwaani na katika televisheni. Katika mchezo wake wa mwaka 1986 kuhusu mamlaka ya chifu, kijiji kinavurugika, kisha utaratibu unarudi. Viva Riva! haimrudishii mtazamaji chochote. Anayelelewa na Mufwankolo anaweza kuuliza, kwa haki yake, wapi palipo neno la mwisho la mzee.

Filamu ya uhalifu iliyonena Kiswahili cha mtaani ilitokea Kenya, si Katanga: Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, mwaka 2012, ambamo wezi wa magari wanazungumza Sheng na Kiswahili pasipo kuomba radhi. Kiswahili cha Lubumbashi nacho kimefika katika filamu kubwa, kupitia Augure ya Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi, iliyopewa tuzo huko Cannes mwaka 2023. Ila humo kinasikika katika habari za ukoo, uchawi na kurudi nyumbani. Jambazi wa Kongo, kwenye skrini, angali anatoa amri zake kwa Kilingala.