Uingereza: Vifo kazini vyapungua, maradhi yaongezeka

Idadi ya wafanyakazi wanaokufa kwa ajali kazini nchini Uingereza ni ndogo mno ikilinganishwa na ilivyokuwa nusu karne iliyopita. Hata hivyo, idadi ya wanaougua kwa sababu ya kazi zao imepanda katika miaka ya karibuni.

Takwimu za mamlaka ya serikali inayosimamia afya na usalama kazini, HSE, zaonyesha kuwa wafanyakazi 124 walikufa kwa ajali kazini katika mwaka ulioishia Machi 2025. Katika kipindi hichohicho, wafanyakazi wapatao milioni 1.9 walikuwa wakisumbuliwa na maradhi yaliyosababishwa au kuzidishwa na kazi.

Takwimu hizo ni za England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina mamlaka yake.

Mabadiliko hayo yanawagusa pia watu wa Afrika Mashariki wanaoishi Uingereza, ambao wengi wao wameajiriwa katika hospitali, nyumba za kutunzia wazee na maghala. Hatari inayowakabili huko aghalabu haionekani kwa macho kama mashine iliyokata mkono.

Kutoka 651 hadi 124

Mwaka 1974 waajiriwa 651 waliuawa na ajali kazini nchini Uingereza, sawa na watu 2.9 katika kila waajiriwa 100,000. Hivi sasa kiwango hicho ni takriban 0.4, hata baada ya kuwajumuisha watu waliojiajiri wenyewe, ambao hawakuwamo katika hesabu ya mwaka 1974.

Sababu ya kwanza ya kupungua huko ni sheria. Uingereza iliteua wakaguzi wa kwanza wa viwanda mwaka 1833, lakini kwa zaidi ya karne moja sheria zake zilitungwa kipande kipande: hii ya viwanda, ile ya migodi, nyingine ya maduka na ofisi. Mamilioni ya wafanyakazi hawakuwa chini ya sheria yoyote ya usalama.

Mwaka 1970 serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Lord Robens, ambaye alikuwa mwenyekiti wa shirika la taifa la makaa ya mawe. Ni katika uongozi wake kwenye shirika hilo ambapo lundo la kifusi cha mgodi liliporomoka mwaka 1966 katika kijiji cha Aberfan, Wales, na kuua watu 144, wakiwamo watoto 116.

Ripoti ya kamati hiyo ilitolewa mwaka 1972. Ilisema kuwa sheria zilikuwa nyingi kupita kiasi, na kwamba jukumu la kuzuia hatari linapaswa kubebwa na yule anayeisababisha.

Sheria mpya ya afya na usalama kazini ilipitishwa Julai 1974, wiki chache baada ya mlipuko wa kiwanda cha kemikali cha Flixborough kuua watu 28. Sheria hiyo ilimtaka kila mwajiri, katika kila aina ya kazi, kulinda afya ya wafanyakazi wake kadiri inavyowezekana. HSE ilianza kazi Januari mwaka 1975.

Sababu ya pili ni kwamba kazi zenyewe zimebadilika. Migodi ya makaa ya mawe, viwanda vya chuma na karakana za meli, zilizokuwa zikiua watu wengi, zimefungwa kwa sehemu kubwa. Mgodi wa mwisho wa chini sana ardhini, Kellingley, ulifungwa Desemba mwaka 2015.

Kwa hiyo sehemu ya mafanikio ya Uingereza yatokana na kazi za hatari kutoweka au kuhamia nchi nyingine, ambako vifo vyake haviingii katika hesabu za London.

Nani bado hufa

Kati ya watu 124 waliokufa katika mwaka ulioishia Machi 2025, 35 walikuwa katika kazi za ujenzi na 23 katika kilimo, misitu na uvuvi. Kuanguka kutoka juu, kama vile kwenye paa au ngazi, ndiko kunakoongoza kwa kuua.

Umri nao una uzito wake. Katika mwaka ulioishia Machi 2024, wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban asilimia 11 ya wafanyakazi wote, lakini walikuwa karibu theluthi moja ya waliokufa.

Kwa upande wa majeraha yasiyoua, watu wapatao 680,000 walisema kuwa waliumia kazini katika mwaka ulioishia Machi 2025. Sababu zinazoongoza ni za kawaida mno: kuteleza au kujikwaa, na kuinua au kubeba vitu vizito. Kupigwa au kushambuliwa na watu kumo pia miongoni mwa sababu kuu.

Wauguzi na watunzaji wa wazee wanazifahamu sababu hizo. Kumgeuza mgonjwa kitandani, au kumwinua aliyeanguka bila msaidizi wala kifaa, ni jambo linaloweza kuumiza mgongo kwa siku moja au kuuchakaza polepole kwa miaka.

Msongo wa mawazo waongoza

Kati ya watu milioni 1.9 waliougua kwa sababu ya kazi, takriban 964,000 walikuwa na msongo wa mawazo, sonona au wasiwasi. Wengine wapatao 511,000 walikuwa na maumivu ya misuli, mifupa au viungo, hasa ya mgongo, shingo na mikono.

Katika mwaka ulioishia Machi 2019, kabla ya janga la Covid-19, wagonjwa wote walikadiriwa kuwa milioni 1.4, na wenye msongo wa mawazo, sonona au wasiwasi walikuwa 602,000. Hii ina maana kuwa sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokana na maradhi ya akili.

Siku za kazi zilizopotea kutokana na majeraha na maradhi zilipanda kutoka milioni 28.2 hadi milioni 40.1 katika kipindi hicho.

Maradhi hayo yameenea zaidi katika utumishi wa serikali, elimu, afya na huduma za jamii. Wanaoulizwa sababu hutaja kazi nyingi kupita kiasi, muda mfupi wa kuzimaliza, kukosa msaada wa wakubwa wao, na vitisho au matusi kutoka kwa wanaowahudumia.

Upo uwezekano kwamba sehemu ya ongezeko hilo inatokana na watu kuwa wepesi zaidi wa kukiri maradhi ya akili kuliko zamani. Lakini siku zilizopotea ni hasara halisi kwa mgonjwa, kwa mwajiri na kwa wenzake wanaobaki na mzigo wake.

Vumbi la miaka arobaini

Yapo maradhi ambayo takwimu za leo ni kivuli cha kazi za zamani. Mfano mkubwa ni asbesto, madini yenye nyuzinyuzi ambayo yalitumiwa sana katika meli, mabomba, mapaa na kuta kwa kuwa hayashiki moto.

Nyuzinyuzi hizo zikivutwa kwa pumzi hukaa mwilini, na huweza kusababisha mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Kwa kawaida ugonjwa huo hujitokeza baada ya miaka 30 hadi 40 au zaidi.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na ile nyeupe mwaka 1999. Hata hivyo, mesotelioma iliua watu 2,257 mwaka 2022. Waathiriwa wengi ni wanaume waliokuwa maseremala, mafundi bomba na mafundi umeme katika ujana wao.

Kwa kulinganisha, maradhi haya moja yaliua watu zaidi ya mara kumi na tano ya waliokufa kwa ajali zote za kazini. Asbesto ingali imo katika majengo mengi yaliyojengwa kabla ya mwaka 2000, na huwa hatari inapovunjwa au kutobolewa.

Takwimu hupatikanaje?

Hesabu za Uingereza hutoka katika njia tatu. Ya kwanza ni taarifa ambazo waajiri hulazimika kuzitoa kwa mujibu wa sheria: vifo, majeraha mabaya kama kuvunjika mfupa mkubwa, na majeraha yanayomzuia mfanyakazi kufanya kazi yake ya kawaida kwa zaidi ya siku saba mfululizo.

Njia ya pili ni uchunguzi unaofanywa majumbani, ambapo watu huulizwa kama waliumia au kuugua kutokana na kazi. Ya tatu ni vyeti vya vifo na kumbukumbu za madaktari.

Tofauti kati ya njia hizo ni kubwa. Wakati watu 680,000 walisema kuwa waliumia, waajiri waliripoti majeraha 59,219 tu. Sehemu ya tofauti hiyo ni majeraha madogo ambayo sheria haidai yaripotiwe. Lakini HSE yenyewe hukadiria kuwa waajiri huripoti takriban nusu tu ya majeraha yanayotakiwa kuripotiwa, na kwamba waliojiajiri huripoti machache zaidi.

Msongo wa mawazo haumo kabisa katika orodha ya maradhi ambayo mwajiri hulazimika kuyaripoti. Kadhalika, dereva anayekufa katika ajali ya barabarani akiwa kazini haingizwi katika hesabu ya vifo vya kazini, wala ajali za baharini na angani hazimo.

Urithi wa Afrika Mashariki

Kenya, Uganda na Tanganyika zilirithi sheria za viwanda zilizotungwa enzi za ukoloni kwa kufuata mfano wa Uingereza. Kama zile za Uingereza kabla ya mwaka 1974, sheria hizo zilimtazama zaidi mtu wa kiwandani na kuwaacha wengine nje.

Mageuzi yalikuja takriban miongo mitatu baada ya yale ya Uingereza. Tanzania ilipitisha sheria mpya ya usalama na afya mahali pa kazi mwaka 2003, Uganda mwaka 2006, na Kenya mwaka 2007 pamoja na sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Tanzania ilitunga sheria yake ya fidia mwaka 2008, na mfuko wa fidia, WCF, ukaanza kazi mwaka 2015 kwa michango ya waajiri.

Tatizo lililobaki ni hesabu. Wafanyakazi wengi wa eneo hilo wamo katika sekta isiyo rasmi: vibarua wa ujenzi, mafundi wa jua kali, wachimbaji wadogo na waendesha bodaboda. Wakiumia, hakuna mwajiri wa kuandika taarifa.

Mwendesha bodaboda anayegongwa akiwa na abiria aghalabu huandikwa kuwa majeruhi wa barabarani. Mchimbaji ambaye mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mawe huweza kutibiwa kifua kikuu, kwa kuwa dalili zinafanana.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria mwaka 2023 kuwa watu karibu milioni tatu hufa kila mwaka duniani kwa sababu zinazotokana na kazi. Wapatao milioni 2.6 kati yao huuawa na maradhi, na 330,000 na ajali. Juni mwaka 2022 shirika hilo liliiingiza haki ya kufanya kazi katika mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Mfanyakazi afanye nini?

Nchini Uingereza, mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulazimika kuweka kitabu cha ajali. Anayeumia ana haki ya kuhakikisha kuwa jambo hilo limeandikwa humo, hata kama jeraha laonekana dogo. Anayeugua ashauriwe kumweleza daktari ni kazi gani anayoifanya, ili maelezo hayo yabaki katika kumbukumbu zake.

Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1969, takriban kila mwajiri binafsi hutakiwa kuwa na bima ya kuwalipa wafanyakazi wanaoumia, isiyopungua pauni milioni 5. Serikali nayo hutoa malipo kwa waliopata ulemavu kutokana na ajali au maradhi fulani ya kazini. Malipo hayo hayawahusu waliojiajiri, na msongo wa mawazo haumo katika orodha ya maradhi yanayotambuliwa.

Mwaka 2014 ulianzishwa mpango maalumu kwa wagonjwa wa mesotelioma ambao mwajiri wao wa zamani, au bima yake, hawezi kupatikana tena.

Kwa kawaida, madai ya fidia hutakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya miaka mitatu. Kwa maradhi yanayochelewa kujitokeza, muda huo huanza kuhesabiwa tangu mgonjwa alipotambua, au alipopaswa kutambua, kuwa ugonjwa wake umetokana na kazi. Wakati huo kiwanda huenda kimekwisha kufungwa na mashahidi wamekwisha kufa, na ushahidi unaobaki ni ule ulioandikwa siku zile.