Keria ya Kulabu: Istilahi Itaje Kinachobeba

Mtu anayetaka kusafirisha baiskeli, kayaki au ubao wa kuteleza mawimbini kwa gari dogo ana njia kuu mbili: aufunge mzigo juu ya paa, au auweke kwenye chuma kinachoshikizwa nyuma, pale panapofungwa tela. Kiingereza kina majina mawili yaliyokomaa ya vifaa hivyo, na kila moja limejengwa kwa kutaja sehemu ya gari inayopokea uzito. Sisi tuna neno keria, na mitaani linatosha. Keria ni kile kichuma cha nyuma ya tandiko la baiskeli anapokaa abiria, gunia la mkaa au kreti ya soda. Keria pia ni ile fremu ya juu ya basi ambako utingo hupandisha magodoro na matenga ya kuku. Ikilazimu kutofautisha, wengi husema keria ya juu na keria ya nyuma. Majina hayo yanaeleweka, lakini kama istilahi hayafai, na hoja yangu ni kwamba tuseme keria ya paa na keria ya kulabu, kulabu ikiwa ni kile chuma cha kuvutia tela. Anayechagua kati ya hizo mbili hachagui mahali tu. Anaamua ni kiungo gani cha gari kitakachobebeshwa mzigo, na jina likilificha jambo hilo, mnunuzi naye hulisahau mpaka chuma kipinde.

Tuanze na upungufu wa "keria ya nyuma". Nyuma ya gari panakaa vitu vinne tofauti. Kuna keria inayofungwa kwa mikanda kwenye mlango au kifuniko cha buti: ndoano zake hushika kingo za bati, na miguu yake ya sponji huegemea kioo au rangi. Kuna inayofungwa kwenye tairi la spea, kwa magari yanayobeba spea mlangoni, kama Prado nyingi na RAV4 za zamani. Kuna inayoshikizwa kwenye chuma cha kuvutia tela, ambacho chenyewe kimefungwa kwa bolti kwenye chesisi. Na kuna tela lenyewe, ambalo nalo huwekewa keria. Ukimwambia muuzaji unataka keria ya nyuma, hujamwambia kitu. Ya kwanza hutegemea bawaba na bati jembamba. Ya tatu hutegemea mifupa ya gari. Tofauti ya kilo zinazoweza kubebwa salama ni kubwa, na bei nazo hupishana sana, hivyo jina lisilozitenganisha linamkaribisha mtu anunue ya rahisi akidhani kapata ileile. Kwa kanuni ninayoitetea majina yanapatikana yenyewe: keria ya buti, keria ya spea, keria ya kulabu, keria ya tela. Hakuna haja ya kamati kuketi kwa kila moja.

Upande wa paa, kutaja kinachobeba kunamlazimisha mtu aulize swali sahihi: paa hili linabeba kilo ngapi? Jibu limo kwenye kitabu cha gari, na kwa magari mengi madogo liko kati ya kilo 50 na 100. Wengi hushangaa kusikia kwamba kiasi hicho kinajumlisha keria yenyewe. Tuchukue paa la kilo 75. Mabomba mawili ya kukatiza paa yana kama kilo 6, na kila kishikio cha baiskeli kina kama kilo 4. Baiskeli mbili za umeme za kilo 25 kila moja zitapita: 6, jumlisha 8, jumlisha 50, jumla ni 64. Ongeza ya tatu na kishikio chake, unafika 93, na paa limezidiwa ingawa nafasi bado ipo. Kiasi hicho, tena, ni cha gari likiwa linatembea. Gari likifunga breki, likikata kona au likiruka tuta, mzigo huvuta na kugonga kuliko unavyosoma kwenye mizani, ndiyo maana paa lilelile, gari likiwa limeegeshwa, linaweza kubeba hema na watu wawili waliolala ndani yake. Hapa napo tunahitaji istilahi mbili, nami naona mzigo wa mwendo na mzigo wa kusimama zinatosha. Anayezisikia mara ya kwanza hahitaji ufafanuzi.

Paa nalo si kitu kimoja. Lipo lenye reli zilizoinuka, ambazo mkono hupita chini yake. Lipo lenye reli zilizolala juu ya bati. Lipo tupu kabisa, ambalo keria hulibana kwa makucha yanayoingia kwenye fremu ya milango. Na lipo lenye mfereji wa maji ya mvua pembezoni, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, zinazotengenezwa tangu 1984. Mfereji huo ndio unaowafurahisha mafundi wa magari ya safari, kwa sababu unashikika popote pembeni, na uzito hushukia kuta za bodi badala ya kukaa katikati ya bati. Anayesema "keria ya juu" hana sababu ya kuyawaza haya. Anayesema "keria ya paa" ataulizwa paa gani.

Kulabu ina mambo mazito zaidi, na ndipo watu wengi hukosea. Ulaya kifaa hicho huishia kwenye tufe la chuma lenye kipenyo cha milimita 50. Marekani na Kanada huwa ni bomba la pembe nne ambamo chuma kingine huchomekwa na kufungwa kwa pini, nalo lina vipimo viwili vya kawaida kwa magari ya watu binafsi: inchi 2, na inchi 1 na robo. Kosa lenyewe ni kudhani kwamba gari linaloweza kuvuta tela la kilo 1,500 linaweza kuning'iniziwa chochote nyuma. Kuvuta na kubeba ni kazi mbili. Tela hubebwa na magurudumu yake. Kulabu hulivuta tu na kupokea sehemu ndogo ya uzito wake inayokandamiza kuelekea chini. Katika daraja la kwanza la kulabu za Marekani, kwa mfano, ukomo wa kuvuta ni takriban kilo 900, lakini ukomo wa kukandamiza ni kama kilo 90 tu. Kwa magari mengi ya Ulaya huu wa pili huwa kati ya kilo 50 na 100. Keria haina magurudumu, kwa hiyo uzito wake wote na wa baiskeli unahesabiwa kwenye namba hii ndogo. Napendekeza tuite namba ya kwanza uzito wa kuvuta na ya pili uzito wa kulabu, na kila tangazo la keria ya aina hii litaje la pili.

Hata hivyo namba hiyo peke yake haimalizi hesabu, kwa sababu umbali nao unapinda chuma. Kilo 25 zilizoko sentimita 60 nyuma ya tufe huipinda shingo ya kulabu mara mbili ya kilo hizohizo zikiwa sentimita 30. Ndiyo maana baiskeli nzito hutangulia kupakiwa, karibu na gari, na nyepesi hukaa nje. Ndiyo maana pia watengenezaji wengi huweka ukomo wa idadi ya baiskeli pamoja na wa kilo, na kwa bomba la inchi 1 na robo kwa kawaida huishia mbili. Barabara yenye mashimo huongeza mtikisiko. Baadhi ya watengenezaji hupunguza ukomo pale gari linapotoka kwenye lami, na dereva wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuupuuza mstari huo wa maelezo. Kuna na matuta: keria ya kulabu hukaa chini na kulirefusha gari kwa nyuma, hivyo gari likipanda tuta kali au likitoka kwenye mtaro, chuma hukwaruza kabla bampa haijafika.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza lenye nguvu linapoingia. Mtu anaweza kusema: mengi kati ya hayo ni ya mahali. Kukwaruza tuta ni kwa sababu keria iko nyuma na chini. Upepo nao haujali nani anabeba. Unajali kilicho mbele yake. Ni kweli, na upepo si jambo dogo. Kani yake hupanda kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 120 mkinzano huongezeka mara mbili na robo. Watafiti Yuche Chen na Alan Meier walikadiria mwaka 2016 kwamba keria za paa zilikula takriban galoni milioni 100 za petroli Marekani katika mwaka mmoja, yaani kama lita milioni 380. Ni chini ya moja kwa elfu ya mafuta ya magari madogo ya nchi hiyo, lakini hesabu yao inagusa pia keria zinazozungushwa mjini zikiwa tupu kwa sababu mwenyewe kaona uvivu kuzifungua. Kwa gari moja moja hasara hutegemea umbo la keria na mwendo. Kwa mahali, basi, kuna mengi ya kusema. Lakini angalia mizani ya majina: paa likitajwa, mahali pamekwisha kutajwa, maana hakuna paa lisilo juu; kulabu ikitajwa, nyuma imetajwa. Ukitaja mahali, kinachobeba hakijulikani. Jina la kinachobeba linatoa habari mbili kwa bei ya moja.

Pingamizi la pili huja kutoka kwa wapenzi wa lugha: keria ni neno la kuokota, na Kiswahili kina kichanja na uchaga. Maneno hayo ni mazuri, ila yana kazi yake. Kichanja cha vyombo husimama uani vyombo vikauke. Uchaga hukaa juu ya jiko nafaka isiliwe na wadudu. Vyote viwili havisafiri, na sifa ya kutosafiri imo ndani ya maana yake. Keria kazi yake ni kushika kitu kisianguke huku kila kilichopo kikitikisika. Kiingereza, kwa bahati mbaya yake, hutumia neno moja kwa chuma cha kuegeshea baiskeli barabarani na kwa hiki cha garini, na tukitafsiri neno hilo kwa kufuata kamusi tutaurithi utata ambao sisi hatukuwa nao. Kijerumani na Kifaransa vimefuata njia yetu: majina yao ya kifaa cha kubebea baiskeli yamejengwa juu ya vitenzi vya kubeba. Keria, zaidi ya hayo, imekwisha kukaa kwenye ngeli yake, keria hii, keria hizi, pamoja na bampa, buti, breki na gia, na mwendesha baiskeli wa kijijini hana habari kwamba neno hilo ni la kigeni. Kulifukuza sasa ni kuanzisha mvutano kama wa tarakilishi na kompyuta, ambao umetuachia majina mawili ya kitu kimoja.

Kuhusu kulabu nakiri kwamba uchaguzi ni wangu na unaweza kujadiliwa. Ndoano ingefaa kwa maana, lakini imekaa mno kwenye uvuvi, na kwenye keria za mikanda kuna vindoano vyake vinavyoweza kuchanganya. Kulabu ni chuma kikubwa cha kunasia na kuvutia, na ndiyo kazi yenyewe. Atakayesema kwamba tufe si kulabu, na bomba la pembe nne ndiyo kabisa, namwelekeza kwa Waholanzi na Waswidi. Wote wawili huita kifaa hiki ndoano ya kuvutia, trekhaak na dragkrok, ingawa kwao nacho huishia kwenye tufe. Waswidi si wageni kwenye biashara hii: Thule, kampuni iliyoanzishwa na Erik Thulin mwaka 1942, ni ya kwao. Njia ya kutohoa jina la Kiingereza, tow bar, haina heri hapa, kwani likiandikwa kama linavyosikika linakaribia sana toba, na toba tunayo tayari kwa matumizi mengine.

Linabaki pingamizi la watu wa vitendo: jina halikazi bolti. Dereva anayejua kusema keria ya kulabu anaweza bado kufunika namba ya gari na taa za nyuma kwa magurudumu ya baiskeli, au kusahau kwamba ana baiskeli juu ya paa na kuingia nazo kwenye maegesho ya chini ya jengo yenye kizuizi cha mita 2 na kidogo. Sina ubishi. Istilahi haichukui nafasi ya akili. Inachoweza ni kuandikwa kwenye kibandiko na kwenye karatasi ya maelekezo, na hapo ndipo Kiswahili hakipo kabisa: vifaa vingi vinavyofika madukani kwetu vina maelekezo kwa lugha nyingi za Ulaya, na fundi huunganisha kwa kutazama michoro. Mchoro unaonyesha bolti inapokaa. Hauonyeshi kwamba kilo 75 ni pamoja na keria, wala kwamba namba ya kuvuta siyo ya kubeba. Mtafsiri wa karatasi hiyo atahitaji pia jina la lile bomba la pembe nne ambamo keria huchomekwa, na kwa hilo nisingekwenda mbali: tundu la kulabu, tundu la inchi 2 na tundu la inchi 1 na robo, kwa sababu keria ya tundu moja haiingii kwenye lingine bila kipachiko cha kati, na kipachiko hicho kwa kawaida huisogeza baiskeli nyuma zaidi.