Malori Malaba, macho Nairobi na Kampala

Dereva wa lori la Kampala anayefika Malaba usiku hana haja ya kujua seva ya forodha imewekwa wapi. Ikilala, atajua. Wakala wake ataanza kujibu simu kwa mkato, matanboi watashuka kutafuta chai na chapati, na foleni ya upande wa Kenya itarudi nyuma kuelekea Amagoro. Mambo yakizidi, itaelekea Bungoma. Habari itakayopita kutoka dirisha la lori moja hadi jingine ni ya maneno mawili: sistimu imelala.

Malaba ya Uganda iko katika wilaya ya Tororo, ile ya Kenya iko katika kaunti ya Busia, na katikati unapita mto wenye jina hilohilo. Ukishuka kusini unafika miji pacha ya Busia. Vituo hivi viwili hupitisha shehena nyingi za bandari ya Mombasa zinazokwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo: mafuta, ngano, chuma, mitumba, magari ya Japani. Kwa miaka mingi sasa hakuna lori la mizigo hiyo linalovuka kabla kompyuta fulani, mahali fulani, haijakubali. Historia ya mpaka huu huandikwa kwa majina ya marais waliokata utepe. Ingeweza pia kuandikwa kwa kuuliza nani alikuwa akiziangalia kompyuta hizo, na alikuwa akiangalia nini hasa.

Enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, kati ya 1967 na 1977, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na idara moja ya forodha. Jumuiya ilipovunjika kila nchi ilibaki na daftari lake, na shehena ileile ikawa inaandikwa ng'ambo hii kisha ikaandikwa tena ng'ambo ile. Kilichorithiwa kutoka kipindi hicho ni tabia ya kila upande kuamini karatasi yake tu, na tabia hiyo ndiyo kompyuta ziliyoikuta mpakani.

Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, iliundwa 1991, na KRA ya Kenya ikafuata 1995. Uganda ilichukua ASYCUDA, programu ya forodha iliyotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, kule Geneva. Kazi ya kuitengeneza ilianza 1981 kwa ombi la nchi za Afrika Magharibi. Kenya nayo ilikwenda kutafuta kwingine. Mfumo wake wa Simba, ulioanza kazi 2005, ulitokana na GAINDE, mfumo wa forodha ya Senegal. Ndivyo ilivyokuwa kwamba lori likitoka Mombasa lilipita mikononi mwa kompyuta yenye asili ya Dakar, likavuka daraja, likakabidhiwa kwa nyingine yenye asili ya Geneva, na mbili hizo hazikuwa na lugha ya kuzungumza. Aliyezungumza kwa niaba yao alikuwa wakala wa forodha, mwenye bahasha ya kaki kwapani, akichapa upya Tororo yale yaliyokwisha kuchapwa Mombasa.

ASYCUDA++, toleo la miaka ya tisini, lilibuniwa likijua kwamba laini za simu katika nchi nyingi ni za kubahatisha. Ofisi ya forodha iliweza kuwa na seva yake yenyewe, na kompyuta za makarani zikaungwa nayo humohumo jengoni. Hapo ndipo kazi ambayo magazeti huwa hayaiandiki ilipoanza: kuilinda mashine inayofanya kazi bila mtu kukaa mbele yake.

Kwingineko kazi hiyo ilikuwa na umri wake tayari. Kompyuta moja huendesha programu nyingi kwa wakati mmoja, na kila programu iliyo kazini huitwa mchakato. Katika Unix, mfumo uliozaliwa Bell Labs huko Marekani mwaka 1969, kila mchakato hupewa namba na huwa na mzazi aliyeuanzisha. Mchakato namba 1 ndio mzazi wa ukoo mzima. Ile michakato inayokaa macho usiku na mchana ikisubiri kuombwa kitu, kama vile hifadhidata au kipokezi cha ujumbe, ndiyo huitwa huduma. Tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini fundi wa Unix angeweza kuandika amri ya herufi mbili, ps, akaletewa orodha ya michakato yote. Mwaka 1984 William LeFebvre akaandika top, inayoionyesha orodha hiyohiyo ikibadilika mbele ya macho, inayokula zaidi kumbukumbu na nguvu za kompyuta ikiwa juu. Watumiaji wa Windows walisubiri hadi Windows NT 4.0 mwaka 1996 ndipo wakapata dirisha la Task Manager, kazi ya David Plummer, ambalo hadi leo ndilo watu hulifungua kompyuta inapogoma.

Orodha hizi zina udhaifu ambao fundi yeyote aliyewahi kukesha na seva anaufahamu. Mchakato uliokufa hauonekani kwenye orodha, na huo ni rahisi: unauanzisha upya. Uliokwama unaonekana. Upo, una namba, umeshika kumbukumbu yake, na haufanyi lolote, labda kwa sababu unasubiri jibu la hifadhidata ambayo nayo inausubiri mchakato mwingine. Programu za ulinzi zilizokuja baadaye, kama ile aliyoitoa Ethan Galstad mwaka 1999 na ambayo leo inajulikana kama Nagios, ziliongeza hatua moja. Badala ya fundi kutazama orodha, programu yenyewe huizungukia kila huduma baada ya dakika kadhaa na kuuliza kama ipo. Ikijibu, alama ni kijani, isipojibu ni nyekundu na fundi anatumiwa ujumbe. Hata hivyo ulinzi wa namna hiyo, ukifanywa kivivu, ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyeji anaitikia "karibu" kutoka chumbani na mlango haufunguliwi. Ubao unaonyesha kijani. Lori halitoki.

Jambo hili lilipata uzito mpakani kuanzia 2007, mamlaka za mapato zilipoanza kutumia RADDEx, mfumo uliobuniwa kwa msaada wa Marekani ili kuzifanya kompyuta za Kenya na Uganda zipashane habari. Tamko la mzigo liliondoka kwenye Simba, likawekwa katika umbo ambalo ASYCUDA inalielewa, likafika Malaba kabla ya lori. Kwa wakala wa Tororo huo ulikuwa ukombozi wa vidole. Kwa fundi ulikuwa mzigo wa aina mpya, kwa sababu huduma ya kubeba ujumbe ikifa, hakuna anayepigiwa kelele. Karani anafungua orodha ya mizigo inayokuja na kuikuta fupi. Je, barabara ina malori machache leo, au mbebaji amelala tangu usiku? Kompyuta zote mbili, kila moja upande wake, ziko wima. Kilichoanguka kiko katikati, na katikati ya mpaka ni mahali ambapo kila ofisi ina sababu nzuri ya kusema si pake.

Nadhani kuziunganisha kompyuta hizo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii, kubwa kuliko majengo yaliyokuja baadaye. Kabla yake, tatizo la kompyuta lilikuwa na nchi.

Julai 2009 kebo ya Seacom ilianza kazi ikipitia baharini hadi Mombasa, nyingine zikafuata, na mataifa ya bara yakapata intaneti isiyotegemea setilaiti. Hapo ikawezekana kukusanya seva zote mahali pamoja. Uganda ilihamia ASYCUDA World mwaka 2012, mfumo unaotumika kupitia mtandao. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza Himaya Moja ya Forodha: ushuru wa bidhaa zinazokwenda Uganda unalipwa na hati zinakamilishwa mzigo ukiwa bado Mombasa, na mpakani lori linahakikiwa tu. Serikali zilitangaza kwamba safari ya Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku 18 hadi 4. Mwaka 2017 ukaja ufuatiliaji wa pamoja wa shehena kwa mihuri ya elektroniki inayofungwa kwenye kontena na kutuma mahali ilipo, huku maofisa wakiitazama kwenye skrini Nairobi, Kampala na Kigali. Kenya nayo ikaanza kuiondoa Simba hatua kwa hatua na kuleta mfumo mpya wa forodha, iCMS.

Tarehe 24 Februari 2018 Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Maofisa wa nchi mbili wakakaa chini ya paa moja, na dereva akasimama mara moja badala ya mbili. Ni jengo zuri. Lakini hapo mpakani kuna madawati, nyaya na skrini. Moyo wa mfumo uko mamia ya kilomita kutoka hapo, na walinzi wake wako huko huko. Ofisa wa Busia akiona duara linazunguka kwenye skrini bila kufungua ukurasa, hana orodha ya michakato ya kukagua. Ana namba ya simu ya kupiga.

Kati yake na seva kuna mambo mengi ya kukatika. Stima ni la kwanza. Umeme wenyewe ni mvukaji mpaka wa siku nyingi: nguvu za bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa Jinja 1954, zilikuwa zikipita Tororo kwenda Nairobi kabla ya uhuru wa nchi zote mbili. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, mto Tana, na Kenya nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. (Tumbili alipona.) Jenereta huokoa jengo la forodha lakini haziokoi minara yote ya simu iliyo njiani. Halafu kuna kebo zenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini na intaneti ikazorota kutoka Dar es Salaam hadi Kampala. Hakuna fundi wa Malaba ambaye angeweza kufanya lolote.

Lakini tukio lililofichua zaidi udhaifu wa ulinzi huu wa kompyuta halikuhusu hitilafu yoyote. Aprili na Mei 2020 Uganda ilipoanza kuwapima madereva virusi vya korona mpakani, foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilomita. Tamko la mzigo lilikuwa limepita, ushuru umelipwa, muhuri wa elektroniki unatuma ishara. Lori lilikuwa likisubiri jibu la maabara. Hati za afya baadaye ziliingizwa kwenye simu za madereva kwa mfumo wa Jumuiya ya sasa ya Afrika Mashariki, lakini Januari 2022 malori yalijipanga tena, safari hii kwa mgogoro wa kulipia vipimo. Kama kipimo chako ni seva ngapi ziko hai, siku hizo zote zilikuwa siku njema.

Ningependa kuona ubao mmoja unaoonyesha lori la mwisho lilitoka lango la Malaba dakika ngapi zilizopita, ukitazamwa Nairobi na Kampala kwa pamoja, na king'ora chake kilie namba hiyo ikipita kiasi, chanzo kiwe seva, maabara au tumbili. Takwimu za kuupa uhai ubao huo zimo tayari ndani ya mifumo iliyopo, kwa kuwa kila lori linapotoka huandikwa saa na dakika.

Kwa sasa, anayevuka Busia bila wasiwasi wa seva ni mfanyabiashara mdogo. Bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 hupita kwa hati rahisi ya uasili, inayojazwa kwa kalamu na kugongwa muhuri na ofisa wa forodha. Sistimu ikilala saa nne asubuhi, malori ya kontena yanazima injini, na trei za mayai za Uganda zinaendelea kuingia soko la Busia ya Kenya kwa baiskeli.