Kijana Aliyekataa Dola 1,000

Mwaka 2025 Wamarekani walianza kununua na kuuza matokeo ya mpira wa kikapu wa vyuo katika masoko ya ubashiri kama Kalshi. Mkataba hulipa dola 1 timu ikishinda. Ikishindwa, haulipi kitu. Ukiuzwa senti 62, maana yake wanunuzi wanaipa timu hiyo nafasi ya asilimia 62 hivi. Soko ni jipya, lakini kishawishi kinachouandama mchezo huu ni cha zamani.

Katika miaka ya 1940 mtindo wa kucheza kamari kwa tofauti ya pointi ulienea Marekani. Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake ni Charles McNeil wa Chicago, mwalimu wa hisabati aliyegeukia kamari. Swali halikuwa tena nani atashinda, bali atashinda kwa pointi ngapi. Hata mechi ya mbabe na mnyonge ikapata wateja. Hapo ndipo hatari ilipoingia, kwa kuwa sasa mchezaji aliweza kuuza mechi na bado akaishinda: kazi yake ilikuwa kupunguza tu idadi ya pointi.

New York ndiyo ilikuwa kitovu cha mpira wa kikapu wa vyuo, na ukumbi wake ulikuwa Madison Square Garden. Mwaka 1950 City College, chuo cha watoto wa familia zisizo na uwezo, kilitwaa makombe yote mawili makubwa ya vyuo, NIT na NCAA. Hakuna timu nyingine iliyowahi kufanya hivyo katika mwaka mmoja.

Januari 1951, Junius Kellogg, mchezaji mrefu wa Manhattan College na Mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa kikapu chuoni hapo, aliahidiwa dola 1,000 ili aiharibu mechi dhidi ya DePaul. Aliyemletea ujumbe alikuwa mchezaji wa Manhattan msimu uliotangulia, na alimfundisha kazi hatua kwa hatua: uache mpira wa kurudi ukupite mara mojamoja; ukiudaka, usiharakishe kutoa pasi, wape wapinzani nafasi ya kujipanga; ukirusha, rusha kwa nguvu kupita kiasi. Hakuna mtazamaji ambaye angeshuku. Kellogg, kijana asiye na pesa, alikwenda moja kwa moja kwa kocha wake, na kocha akapeleka habari kwa wakuu wa chuo, kisha polisi. Ninauhesabu huo kuwa ujasiri mkubwa kuliko kikapu chochote kilichofungwa msimu ule.

Mwezi uliofuata wachezaji wa City College nao walikamatwa kwa kuuza mechi, wakirudi kutoka Philadelphia. Mwendesha mashtaka Frank Hogan hatimaye aliwahusisha wachezaji 32 wa vyuo saba, na Kentucky ikiwemo. Salvatore Sollazzo, sonara aliyegawa pesa za hongo, alihukumiwa kifungo cha miaka 8 hadi 16. Sherman White wa Long Island University, mmoja wa wachezaji bora nchini, alifungwa Rikers Island na hakucheza NBA hata siku moja. Alikuwa kijana tu, na adhabu hiyo naiona nzito mno.

Kellogg aliendelea kucheza, kisha akajiunga na Harlem Globetrotters. Mwaka 1954 ajali ya gari ilimpooza. Akawa kocha wa mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu, na timu zake zikashinda mataji.