Harusi Wanaipenda, Ndoa Wanaiogopa

Kadi huwa ya harusi, cheti huwa cha ndoa. Tuna kamati ya harusi, keki ya harusi na vazi la harusi, lakini mume na mke wakigombana, wazee huitwa kuinusuru ndoa. Harusi tumeipokea kutoka Kiarabu, nayo ni siku yenye ngoma na pilau. Ndoa imezaliwa humu humu ndani, katika kitenzi oa, nayo ni hali: huanza siku hiyo, na haiishi wageni wakiondoka. Maneno haya mawili yamenisaidia kuzielewa katuni za Kimarekani za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Wachapishaji wake hupenda harusi. Ndoa huwatia hofu.

Tarehe 5 Juni 1987, katika uwanja wa besiboli wa Shea jijini New York, Spider-Man alimwoa Mary Jane Watson. Walikuwa waigizaji, mbele ya umati uliokuja kutazama mechi, na aliyewafungisha ndoa alikuwa Stan Lee, mmoja wa waliomuumba shujaa huyo. Gauni la bibi harusi lilibuniwa na Willi Smith, mbunifu wa mitindo aliyejulikana mjini humo. Mwaka huohuo Marvel, kampuni inayomchapisha, ikatoa toleo maalumu la harusi yenyewe.

Ndoa hiyo ilichapishwa kwa miaka 20. Kisha mhariri mkuu, Joe Quesada, akaona kwamba mke anamzeesha shujaa, na talaka ingemzeesha zaidi. Katika hadithi iliyoanza mwaka 2007, May, aliyemlea Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, yumo hospitalini kwa risasi iliyomlenga Peter. Shetani aitwaye Mephisto anawaambia wanandoa: nipeni ndoa yenu, nami nitamponya May. Wanakubali. Usiku wa manane unawakuta wamekumbatiana. Asubuhi Peter anaamka peke yake, nyumbani kwa May, na dunia haina kumbukumbu kwamba wawili hao waliwahi kuoana.

Tukio hilo tuliiteje? Talaka haifai, maana talaka ina anayeitoa, ina anayepewa, na kwa Waislamu ina eda. Kubatilisha ni neno zuri, lakini lina mahali pake. Shujaa mwingine wa Marvel, Storm, ambaye mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, aliolewa na T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, mwaka 2006. Mwaka 2012, baada ya Wakanda kugharikishwa katika vita vya mashujaa wenyewe kwa wenyewe, T'Challa alimwambia kwamba ndoa yao imebatilishwa. Iliuma, lakini wote wawili walibaki wakijua walichokuwa nacho.

Ya Peter na Mary Jane ni jambo jingine. Kwa Kiswahili ndoa hufungwa. Mlango uliofungwa hufunguliwa, mzigo hufunguliwa, hata saumu hufunguliwa. Ndoa je? Sijapata kusikia mtu akisema fulani amefungua ndoa yake. Tunasema imevunjika. Chungu kikivunjika vigae hubaki, na ndoa ikivunjika hubaki watoto, hubaki wakwe, hubaki mtu tunayemwita mtalaka. Kinachofunguliwa hurudi kama kilivyokuwa kabla hakijafungwa. Mephisto alifungua ndoa, kitendo ambacho Kiswahili hakikukitengea usemi kwa sababu maisha hayakijui. Ndiyo maana naelewa hasira ya wasomaji wengi wakati ule. Wangeweza kuiombolezea ndoa iliyovunjika. Hii hawakuachiwa hata kigae cha kuokota.

Na hofu hiyo ya wachapishaji haikuwa na msingi. Mwaka 1965 Reed Richards na Sue Storm wa kundi la mashujaa la Fantastic Four walioana katika toleo ambalo adui yao Doctor Doom aliwachochea maadui chungu nzima waivuruge sherehe. Mwaka 1968 wakapata mtoto wa kiume, Franklin. Tangu hapo wamegombana, wametengana, wamerudiana, na kila hatua imewapa waandishi hadithi mpya. Harusi yao ilitosha toleo moja. Ndoa yao bado inaandikwa.