Tawakali

Kwenye mnara wa kale wa Mbaraki, Mombasa, watu wamewahi kupeleka marashi kwa pepo: toa, upewe. Tawakali haiko hivyo. Kwa mzizi wake wa Kiarabu ni ndugu wa wakili. Anayetawakali humkabidhi Mungu shauri lake lote. Ila wakili wa mahakamani tunamdai maelezo; Mungu hatumdai.

Julai 1844 homa ilimuua Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, hapa Mombasa. Kitoto chao kichanga kikafuata. Rosine kazikwa ng'ambo, Nyali. Krapf hakupewa sababu, akaendelea kufasiri Mwanzo kwa Kiswahili.

Wakristo wengi husema "tumaini", lakini tumaini hutazamia jambo. Tawakali haidai hata hilo. Neno hili msiwaachie Waislamu peke yao. Litamkeni na makanisani.