Utani: maneno makali yaliyojenga undugu

Mwezi Novemba mwaka 1835 kundi la Wangoni waliokuwa wakikimbia vita vya kusini mwa Afrika lilivuka mto Zambezi likiongozwa na Zwangendaba. Miongo minne baadaye, wazao wa misafara ya Wangoni waliokwisha kufanya makao katika nchi ya Songea walipambana na Wahehe wa Iringa. Vita hivyo vilidumu tangu mwaka 1878 hadi 1882 hivi, na hakuna upande ulioweza kuuvunja mwingine.

Leo, Mngoni akikutana na Mhehe, salamu ya kwanza huenda ikawa tusi. Mmoja atauliza mbwa wa jirani wamekwenda wapi. Mwenziwe atamkumbusha jinsi babu yake alivyotupa ngao akakimbia. Kisha watacheka, na anayekasirika ndiye mkosaji.

Huo ndio utani, na si mzaha mtupu. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia wa Uingereza, Radcliffe-Brown, aliandika kwamba uhusiano wa namna hii huchanganya urafiki na uhasama, na kwamba dhihaka iliyoruhusiwa huzuia ugomvi wa kweli usizuke. Miaka minne baadaye makala kubwa juu ya utani wa Tanganyika ilitolewa na Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Pengine sikio lililozoea kutofautisha milio ya ndege lilimsaidia kusikia kwamba matusi yale hayakuwa matusi.

Vita si chanzo pekee. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitembea miezi miwili au mitatu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakipita katika nchi za watu wasiowajua. Mgeni aliyeugua njiani alihitaji mtu wa kumpa maji, na aliyekufa alihitaji mtu wa kumzika. Mtani ndiye aliyekuwa na wajibu huo.

Ndani ya ukoo mambo ni hayo hayo. Babu humwita mjukuu wake mke, na mjukuu humjibu kwamba hataki mume asiye na meno. Watoto wa mjomba na wa shangazi hunyang'anyana vitu bila kuombana radhi. Lakini mtu na mama mkwe wake hupimiana maneno, na katika jamii nyingi hata hukwepana njiani. Kicheko kule na ukimya huku hufanya kazi moja, yaani kulinda uhusiano ambao ungeweza kuvunjika kwa urahisi.

Msibani ndipo utani huonyesha uzito wake. Mtani huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake na kukohoa kwake, na pengine hujilaza kaburini akidai alipwe ndipo jeneza lishushwe. Wafiwa hutoa fedha na, bila kutaka, hucheka. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyekwisha kushika jembe tangu alfajiri. Haki ya kumtania mtu hai hulipiwa kwa wajibu wa kumzika.

Dhihaka isiyo na wajibu huo ni kitu kingine kabisa. Nchini Kenya, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, neno madoadoa, ambalo kila mama hulitumia anapofua nguo, lilitumika katika Bonde la Ufa kuwataja majirani wa kabila jingine waliotakiwa waondoke. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi waliacha kusalimiana, na wengine walichomeana nyumba. Mwaka 2008 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya utangamano wa kitaifa inayokataza matamshi ya chuki. Sheria yaweza kumnyamazisha msemaji, lakini haiwezi kumlazimisha kwenda kumzika aliyemtukana.

Miongoni mwa vijana wa Dar es Salaam, na wa familia za Kitanzania zilizohamia Ulaya na Marekani, mizaha ya makabila bado inasikika, hasa arusini na katika ujumbe wa simu. Mchaga huitwa mpenda fedha, Mpare huitwa bahili. Wengi wao wanajua kuitania kabila ya mwenzao. Walio wachache ndio waliowahi kuambiwa habari za jembe.